Nyota Zilizokataa Kukaa Mstari Mmoja

Nyinyi vijana wa idara ya kompyuta mmenibana tangu siku ya kuagwa kwangu, mkitaka niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimekubali kwa sababu nina muda, na pia kwa sababu shamba langu la Burat limeshathibitisha kwamba mimi si mkulima. Sukuma wiki niliyopanda mwezi wa kwanza wa kustaafu ililiwa na mbuzi wa jirani, na ile ya mwezi wa pili ikaliwa na mbuzi wale wale. Afadhali niandike.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo nilipata viwili, na kimoja kilikuwa cha kutunza ufunguo wa stoo. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na hasa juu ya kosa moja nililolifanya mbele ya darasa, ambalo nusura limfukuze mtu kwenye riziki yake. Nyote mnamjua mtu huyo na wengi wenu hamjawahi kusikia habari hii, kwa hiyo someni polepole.

Mimi ni Mturkana wa hapa hapa mjini Isiolo. Baba alikuja na wenzake kutafuta kazi, akaajiriwa kwenye karantini ya mifugo, na kazi yake kwa miaka yote ilikuwa kusimama langoni na kopo la rangi, akihesabu ng'ombe wanaoingia na wanaotoka. Alihesabu kwa sauti, na sisi watoto tulipompelekea chakula tulihesabu pamoja naye kama wimbo. Alitaka binti yake apate kazi ya kukaa kitini, kwa sababu yeye kiti alikiona kanisani tu.

Kiti nilikipata katika chuo chetu cha ufundi, chumba cha taipu. Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vipya na nimebeba vyeti vyangu kwenye bahasha. Mkuu wa chumba alikuwa Madam Muthoni, mama mfupi kutoka Nyeri, miwani imefungwa kamba shingoni. Hakuifungua bahasha. Alinikalisha mbele ya mashine, akanifunika mikono kwa kitambaa cha jikoni, akaniambia nichape barua. Nilipojaribu kuchungulia chini ya kitambaa akasema, "Unatafuta nini huko? Herufi hazijahama." Nilichapa barua ile mara tisa. Saa kumi jioni akaifungua bahasha, akaangalia vyeti, akasema kumbe nimesoma.

Mengi niliyoyajua kazini niliyatoa kwa mama huyo. Alinifundisha kusafisha meno ya mashine kwa mswaki na mafuta ya taa kila Ijumaa, kwa sababu vumbi la Isiolo haliulizi kama mlango umefungwa. Alinifundisha kuweka kichwa cha habari katikati ya karatasi: unapeleka roli katikati, unahesabu herufi, unarudi nyuma hatua moja kwa kila herufi mbili. Alinifundisha pia kwamba ule mkono wa chuma wa pembeni, unaorudisha roli mwanzo wa mstari mpya, hauvutwi mpaka kengele ya mashine ilie kwamba mstari umekamilika. Mwanafunzi aliyeuvuta kabla ya wakati alipigwa rula vidoleni. Si vizuri, najua, lakini hakurudia.

Disemba ilipokaribia Madam Muthoni alichapa mapambo ya karatasi za sherehe. Alikuwa akichora mti mzima wa Krismasi kwa alama ya nyota peke yake, mstari kwa mstari, nafasi zikipungua na nyota zikiongezeka, bila penseli na bila kukosea. Nilisimama nyuma yake nikimtazama na niliona ni kama uchawi. Nami nikajifunza, nikawa nachora miti na mishumaa kwa mazoea ya vidole. Kama ungeniuliza nafanyaje, nisingeweza kukueleza.

Kompyuta za kwanza zilipoletwa, mashine za taipu zilihamishiwa stoo, na Madam Muthoni akastaafu mwaka huo huo. Aligusa kibodi mara moja tu, akachapa jina lake, akaona maandishi yanarudi yenyewe mwanzo wa mstari. "Hii haina kengele," akasema. "Mtu atajuaje kama amefika mwisho?" Akavaa koti lake. Nilimsindikiza mpaka langoni, na sioni haya kusema kwamba nililia.

Kompyuta zenyewe zilitupa kazi. Tulipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli. Moja ilikataa kuwaka wiki mbili, fundi akaitwa kutoka Meru, akaifungua na kukuta mjusi amekauka ndani akiwa amekumbatia waya. Fundi aliandika kwenye ripoti yake: tatizo, mjusi. Ninayo nakala mpaka leo.

Sasa nifike kwenye jambo langu. Mtaala ulibadilika, somo la kuandika programu likaongezwa, na mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na ufunguo, nikapelekwa kozi ya wiki mbili. Mambo mengi niliyaelewa. Lakini somo la vitanzi lilifundishwa Alhamisi ya mwisho baada ya chakula cha mchana, na mkufunzi alikuwa na haraka ya safari. Kitanzi ni amri ya kurudia: unaiambia mashine ichape nyota mara tano, nayo inachapa nyota tano. Hicho nilikielewa. Kisha akaandika kitanzi ndani ya kitanzi, cha nje kikishika mistari na cha ndani kikishika nyota za kila mstari, akabonyeza, na kwenye kioo ikatokea pembetatu hii:

*

**

***

Wenzangu wakaitikia kwa kichwa, nami nikaitikia. Kwenye programu kulikuwa na kihesabio kimoja kinaitwa i na kingine kinaitwa j, na cha ndani kilikuwa kimeambiwa kiende mpaka kwa i. Kwa nini mpaka kwa i, sikujua. Nilinakili kila kitu kwenye daftari, nukta kwa nukta, nikarudi Isiolo na daftari langu.

Nilifundisha kwa daftari hilo mwaka mzima. Niliandika programu ubaoni, wanafunzi wakanakili, pembetatu ikatokea, wakafurahi. Kijana mmoja wa mjini, Kimathi, aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, huyu j ametokea wapi?" Nikamjibu kwamba hilo atalielewa mbele ya safari, kwa sasa aendelee kunakili. Akamwambia mwenzake kwa sauti ya chini, "Hata yeye hajui, boss." Nilijifanya sikusikia. Mwaka ule mtihani uliuliza pembetatu ile ile. Wote wakapita, na mimi nikapongezwa mbele ya wafanyakazi kwa ufundishaji bora.

Mwaka uliofuata akaja Halkano. Alikuwa Mborana wa Sericho, amepita miaka thelathini, mtu mzima kati ya watoto, na alitembea kwa fimbo. Ngamia aliyekuwa akimpakia mizigo alimwangukia mguuni, na kutoka Sericho mpaka hospitali ni mbali, kwa hiyo mfupa ulishika vibaya. Mchungaji asiyeweza kutembea siku nzima nyuma ya mifugo hana kazi. Ofisi moja ya visima ilikuwa imemwahidi nafasi ya kuandika taarifa za mitambo ya maji kwenye kompyuta, mradi alete cheti chetu kabla ya mwisho wa mwaka. Asipopata cheti angerudi nyumbani kuketi na kulishwa na ndugu zake. Alinieleza hayo siku ya kwanza, bila kujihurumia, akaketi mstari wa mbele na kuunyoosha mguu pembeni ya meza.

Halkano hakuwa mtu wa kunakili. Kila mstari wa programu alitaka kujua unafanya nini. Tulipofika kwenye vitanzi viwili aliiandika programu kwa akili yake, akabonyeza, na nyota zote zikashuka chini moja moja, moja chini ya nyingine, mpaka zikapotea chini ya kioo. Nikafungua daftari langu, nikafuta alichoandika, nikaandika cha kwangu. Pembetatu ikatokea.

"Umetengeneza, Mwalimu," akasema. "Lakini mimi nimekosa wapi?"

"Umekosa kunakili," nikamwambia.

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Akaifuta pembetatu yangu, akaanza tena, na nyota zikashuka tena chini moja moja. Aliendelea hivyo siku tatu. Mimi nilikuwa nikipita nyuma ya kiti chake haraka haraka, nikiomba Mungu asiniite.

Nikawaza kwamba dawa ni kuleta mfano wa nyumbani. Watu wa mifugo, nikasema moyoni, wafundishwe kwa mifugo. Basi siku ya nne nikasimama ubaoni nikaanza, "Tuseme baba yake Halkano ana mbuzi. Halkano, ana wangapi?"

Akatazama kibodi yake.

"Tuseme ishirini," nikasema. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: mbuzi wa baba yake Halkano. Chini yake nikachora mistari, nikaliambia darasa lihesabu pamoja nami kwa sauti. Mmoja, wawili, watatu. Tulipofika saba Halkano alichukua fimbo yake akatoka. Wanafunzi wengine wawili watatu walikuwa wameinamisha vichwa. Nikasema labda mguu unamsumbua, na tukaendelea kuhesabu mpaka ishirini.

Wiki nzima hakuonekana. Nilimlalamikia Madam Dahabo, mwalimu wa cherehani aliyekuwa na chumba ng'ambo ya veranda yetu, Mborana pia, na rafiki yangu wa chai. Nilimweleza kwamba mwanafunzi wangu ni mkaidi, na nikamsimulia somo lenyewe kama ushahidi. Alikuwa akipima kola ya shati la mtu. Akauondoa utepe shingoni mwake.

"Uliwahesabu mpaka mwisho?"

"Mpaka ishirini."

"Subhanallah, Akiru. Kwetu mali ya mtu haihesabiwi hivyo mbele ya watu, tena baba yake ametajwa ubaoni. Hiyo ni kuitia balaa. Na kiangazi cha mwaka huu kimebakishia watu nini?"

Nikamwambia sikujua. Akaniuliza nitawezaje kuwa Mturkana, mtoto wa wafugaji, na nisijue. Nikamweleza kazi ya baba yangu langoni mwa karantini, kwamba nyumbani kwetu kuhesabu wanyama ndiko kulikotulisha, na kwamba mbuzi mimi nimewajua kwa nyama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akarudi kwenye kola yake. "Anakaa kwa binamu yake, pale duka la karibu na soko la mifugo. Lori ya Sericho inaondoka Jumamosi. Mimi siendi na wewe. Uliharibu peke yako."

Ilikuwa Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini. Nilimkuta ameketi juu ya kreti ya soda mbele ya duka, fimbo katikati ya magoti, na furushi lake limeshafungwa. Nilimsalimu, "Salaam aleikum," ijapokuwa mimi ni mtu wa kanisa, akaitikia vizuri na kumwambia binamu yake alete chai. Chai ikaja, ya maziwa ya ngamia, nikainywa mpaka nusu.

"Nimekuja kwa ajili ya wale mbuzi," nikasema.

"Baba yangu ni mzee, Mwalimu. Sasa amebaki na kidogo. Halafu wewe unaandika yeye kwa ubao, watoto wanahesabu."

"Nimekosa. Nililelewa na mtu aliyehesabu wanyama kwa kazi, sikufikiri kwamba kwa wengine ni vingine. Naomba unisamehe."

Alizungusha fimbo yake kidogo. "Imepita hiyo. Lakini narudi nyumbani tu. Si mbuzi peke yake. Hii kitu ya nyota imenishinda. Nikinakili yako nitapata leo, sawa. Mtihani ikibadilisha kidogo, mimi nimekwisha."

Alikuwa amenisoma mimi pamoja na daftari langu bila kujua. Ningeweza kumwambia ukweli pale pale na sikumwambia. Badala yake, ili tu nibadilishe mazungumzo, nikauliza swali la mgeni: kama hamhesabu, mnajuaje kwamba mifugo yote imekunywa maji?

Alicheka, mara ya kwanza tangu nimjue. "Unajua tu. Mtu anajua mali yake kwa sura. Na kisimani kuna mpango." Kulikuwa na vizibo vya soda vimetapakaa mbele ya duka. Akaviokota kiganjani na kuanza kuvipanga juu ya kreti nyingine. Kisima kina mzee wa zamu, akaniambia, Waborana wanamwita abba herega. Huyo ndiye anayejua leo kundi la nani ni la kwanza, la nani ni la pili.

"Wanaume wako ndani ya kisima, wanapitisha ndoo mkono kwa mkono mpaka juu kwa birika ya kunyweshea mifugo. Hao wa ndoo hawajui ni kundi ya nani. Wanapitisha tu. Mzee wa zamu akisema basi, wanaacha. Birika inafagiliwa, kundi ingine inaitwa, wa ndoo wanaanza tena." Kila aliposema kundi, aliweka mstari mpya wa vizibo. Mtu wa kwanza alikuwa maskini, akapewa kizibo kimoja. Aliyefuata viwili. Wa tatu vitatu.

Nilikuwa naviangalia vile vizibo, na hata leo siwezi kusema ni nini kilinifanya niulize, "Na birika likifagiliwa kila mnyama mmoja akinywa?"

"Haiwezekani. Jua itazama kundi moja haijamaliza. Kila mnyama atakuja peke yake, nyuma ya mwenzake, mmoja, mmoja..." Hapo mkono wake ukasimama hewani. Aliangalia vizibo, akaniangalia mimi. "Mwalimu. Hiyo ndiyo mimi nimefanya kwa kompyuta. Nimefagia birika kila nyota."

Ndivyo ilivyokuwa. Amri ya kwenda mstari mpya aliiweka ndani ya kitanzi cha ndani, mahali pa ndoo, badala ya kuiweka baada yake, kundi likishamaliza. Na hakuishia hapo. Alikuwa akisema haraka sasa, kidole kikitoka kizibo hadi kizibo. "Huyu i ni mzee wa zamu. Huyu j ni watu wa ndoo. Kila kundi, j anaanza upya, hakumbuki kitu. Anauliza mzee, niende mpaka wapi? Kundi ya kwanza, mpaka moja. Ya pili, mpaka mbili. Ndiyo maana umeandika mpaka kwa i."

Ndiyo maana nimeandika mpaka kwa i. Niliketi juu ya kreti ile na chai imepoa mkononi, na kwa mara ya kwanza nikaelewa nilichokuwa nimekifundisha mwaka mmoja na nusu. Nikaelewa hata miti ya Madam Muthoni, na kwa nini alipiga vidole vya aliyevuta ule mkono wa chuma kabla ya wakati. Nilitaka kuinuka nicheze. Lakini nilikuwa mwalimu, na mwalimu mbele ya mwanafunzi wake ana kiburi cha ajabu. Nikaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa akingoja jibu hilo, nikasema, "Ndivyo hivyo."

"Kumbe ulikuja kunifundisha," akasema Halkano, na macho yake yalikuwa yamejaa shukrani. "Wewe ni mwalimu kweli."

Nami nikainywa ile chai iliyopoa.

Jumamosi lori iliondoka bila yeye. Jumatatu nililiomba darasa radhi kwa wale mbuzi wa ubaoni, kisha nikampa Halkano kalamu aeleze kisima. Aliwaeleza kwa vizibo, wakaelewa kuliko walivyowahi kunielewa mimi. Kuanzia siku hiyo daftari langu nililifungia stoo.

Mtihani wa vitendo ulisimamiwa na mama mmoja kutoka Nairobi, mkimya, mwenye faili la kijani. Walimu hatukuruhusiwa kuingia, nikasimama nje ya dirisha nikijifanya namwagilia maua ambayo kwa kweli yalikuwa yamekufa. Swali lilikuwa pembetatu iliyopinduliwa, nyota tano juu, moja chini. Kama ningekuwa nimewaacha na daftari langu, darasa zima lingeanguka pale. Wengi walianza kuchapa mara moja. Halkano aliweka mikono mapajani akakaa. Dakika zikapita. Akamwomba msimamizi ruhusa ya kusimama kwa sababu ya mguu, akasimama ameshika ukingo wa meza, midomo ikisogea. Mimi nje nilikuwa nimebana mpira wa maji mpaka maji yakakatika. Kisha akaketi, akachapa pole pole kwa vidole viwili, akabonyeza, na kutoka dirishani nikaona mstari mrefu juu na kila mmoja chini yake mfupi kuliko uliotangulia. Alikuwa amemwambia mzee wa zamu aanze na kundi kubwa.

Matokeo yalibandikwa ukutani. Wawili hawakupita, na kwa hao wawili bado najilaumu. Halkano alipita. Alilisoma jina lake kwa muda mrefu, akasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo, akaketi kwenye ngazi ya ofisi na kunyoosha mguu. Cheti kilifika ofisi ya visima kabla ya mwaka kwisha, na kiti alichoahidiwa alikipata. Alikaa huko miaka kadhaa, akiendelea kusoma kwa vipande, cheti hiki leo, diploma ile kesho. Muda wangu wa kustaafu ulipokaribia na chuo kikatangaza nafasi ya mwalimu wa programu, aliyeiomba mnamjua, maana ndiye mkuu wa idara yenu sasa.

Wiki yangu ya mwisho aliniomba niketi nyuma ya darasa lake la kwanza la vitanzi viwili. Nikaketi karibu na dirisha. Wanafunzi walikuwa wapya, kimya, kalamu zikikimbia. Aliandika ubaoni, akaeleza, akauliza kama kuna swali. Hakuna. Akauliza tena. Hakuna. Basi akawasimulia kisima na vizibo, na mwisho akanielekezea mkono. "Hii yote nilifundishwa na huyu Mwalimu Akiru. Alinifuata mpaka dukani, akaniuliza swali moja tu, nikaona. Yeye alijua kila kitu, alitaka nifike mwenyewe."

Darasa likageuka kunitazama, likapiga makofi. Nimewaambia nina kiburi. Lakini makofi yale yalinichoma, maana yalikuwa ya mtu mwingine, na nilikuwa nimeyachukua tangu siku ile ya kreti. Nikasimama.

"Mwalimu wenu anawadanganya bila kujua," nikasema. "Siku ile mimi sikuwa najua. Nilifundisha programu hii mwaka mmoja na nusu bila kuielewa. Nilinakili kutoka kwa daftari. Nyota za huyu zilishuka chini moja moja, akaniuliza amekosea wapi, na sikumwambia kwa sababu sikujua, na niliona aibu kusema sijui. Karibu apande lori ya Sericho kwa ajili ya aibu yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha, pale dukani, na nikamwacha aamini kinyume chake mpaka leo."

Halkano alikuwa amesimama na kalamu mkononi. Alinitazama, mdomo ukiwa wazi kidogo, kisha akaanza kucheka taratibu, akitikisa kichwa.

Msichana mmoja wa mstari wa tatu, Nasieku, aliyetoka Oldonyiro na ambaye tangu muhula uanze hakuna aliyeijua sauti yake, akageuka kwangu. "Kumbe hata wewe ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa sijui."

Kisha akamgeukia Halkano, akainua mkono juu. "Basi mwalimu, hata mimi sijaelewa. Nimenakili tu."

Nyuma yake ukainuka mkono mwingine, na mwingine upande wa ukutani, na baada yake mikono ilikuwa mingi, na Halkano akachukua kitambaa, akafuta ubao wote, akaanza upya.